Kabla ya A-level ya biashara: mtoto auze, achunguze, asome habari au aandike mpango?

Mitihani ya IGCSE, ile ya sekondari ya mtaala wa Uingereza, ikiisha Juni, mtoto anayetaka kuendelea na somo la biashara A-level, yaani hatua ya juu inayofuata, hubaki na wiki kadhaa kabla shule hazijafunguliwa tena. Shule nyingi humpa kazi ya likizo ili asiingie darasani mikono mitupu. Wazazi huniuliza ni kazi ipi yenye maana, maana wanazoletewa nyumbani ni za kila aina. Mmoja kaambiwa aanzishe biashara ndogo auze kitu. Mwingine atafute mfanyabiashara wa mtaani amchunguze. Mwingine afuatilie habari za kampuni kubwa. Na wengine, tena ndio wengi, waandike mpango wa biashara. Nafundisha somo hili hapa Mombasa na kazi za aina zote nne zimepita mikononi mwangu. Hazilingani hata kidogo.

Jambo hili haliwahusu wa mtaala wa Uingereza peke yao. Kidato cha tano na cha sita viliondoka Kenya baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanzishwa mwaka 1985, na A-level ikabaki kwenye shule za binafsi. Lakini Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi, mtaala mpya wa Kenya, waliingia Gredi ya 10, na aliyechagua mkondo wa Sayansi ya Jamii anaweza kulichukua somo la Biashara na kukaa nalo miaka mitatu. Huko Sekondari Msingi walikotoka, biashara ilikuwa imeunganishwa na masomo ya ufundi, kwa hiyo wengi wanaingia na msingi mwembamba. Nao wana likizo ndefu baada ya mtihani wa Gredi ya 9. Nitakayoyasema yanawafaa wote wawili, na pale yanapotofautiana nitasema.

Kwanza tujue mtoto anaandaliwa kwa nini. Mtihani wa A-level wa biashara wa Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, hupima mambo manne: kujua, kutumia unachojua, kuchambua na kutathmini. Karatasi ya pili ya mwaka wa kwanza ina alama 60 na muda wa saa moja na nusu. Mwanafunzi hupewa maelezo ya biashara fulani pamoja na tarakimu zake, kisha huulizwa juu ya biashara hiyo hiyo, si biashara kwa jumla. Hapo ndipo wanapoanguka waliozoea kukariri. Maana ya mtaji wanaijua, aina za umiliki wanazitaja bila kukosea, lakini majibu yao unaweza kuyahamisha kutoka kiwanda cha saruji hadi kibanda cha mihogo bila kubadilisha neno. Kipimo changu cha kazi ya likizo kwa hiyo ni kimoja: je, mtoto atarudi na namba aliyoitafuta mwenyewe, anayoweza kueleza imetoka wapi na inamwambia mwenye biashara afanye nini?

Kuchunguza biashara ya mtu

Hii ndiyo naipenda kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu ikifanywa ovyo haina faida yoyote.

Chukua kibanda cha mahamri cha mtaani, kile kinachofungua alfajiri na ikifika saa nne kimekwisha. Swali ambalo karibu kila mwanafunzi huanza nalo ni "Mama, unapata faida ngapi kwa siku?" Hilo ni swali baya. Mama hamjui huyu mtoto, askari wa kaunti walipita juzi, na mtu mwenye daftari anayeulizia faida anamkumbusha kodi. Atajibu, "Tunamshukuru Mungu, riziki yapatikana," na mazungumzo yameisha. Lakini mtoto aliyekuja mapema, akasema "Shikamoo mama," akanunua mahamri yake, akaomba kukaa pembeni akisaidia kufunga, huyo atauliza tofauti. Leo umekanda unga kilo ngapi? Jumamosi je? Yakibaki unayapeleka wapi? Haya ni maswali ya kazi, na watu wanapenda kuzungumzia kazi yao. Namba zinatoka zenyewe.

Tuweke hesabu ya mfano. Unga, sukari, nazi, hamira, iliki na mafuta vya asubuhi moja vimegharimu KSh 700, na vimetoa mahamri 140. Kila hamri limekula shilingi 5. Linauzwa 10. Msaidizi analipwa 250 kwa asubuhi, mkaa 150, na ada ya mahali 50. Hizo ni 450 ambazo atalipa akiuza mahamri kumi au mia. Kila hamri linaleta shilingi 5 za kufidia hiyo 450, kwa hiyo lazima auze 90 ndipo arudishe gharama zote. La 91 ndilo la kwanza kumpa faida. Akimaliza yote 140, amepata 250.

Sasa mtoto amwulize siku yakibaki 20. Mapato ni 1,200. Toa 700, toa 450, imebaki 50. Mahamri ishirini yaliyobaki kwenye beseni yamekula shilingi 200 katika zile 250. Mwanafunzi aliyeiona hesabu hii kwenye beseni halisi haniulizi tena kwa nini kuna sura nzima ya kitabu inayozungumzia akiba ya bidhaa na upotevu. Na akiwa makini ataona jambo jingine: katika hesabu hiyo yote mama mwenyewe, aliyeamka saa tisa usiku, hajalipwa. Ile 250 ni faida au ni mshahara wake? Hapo darasa zima linaweza kubishana kipindi kizima, na ni ubishi wa maana.

Mkaa nao una somo lake. Nimeuweka kwenye gharama zisizobadilika, lakini mtoto mmoja atasema ukikaanga mengi zaidi utaongeza mkaa. Mwingine atajibu kwamba jiko likishawashwa linakula mkaa hata karai likikaa bure. Wote wawili wana haki. Kitabu hugawanya gharama mafungu mawili safi, na kibandani mambo hayako hivyo. Ni afadhali mwanafunzi alijue hilo mapema kuliko kuamini kwamba kila gharama ina jina lake tayari imebandikwa.

Kisha kuna bei. Unga ukipanda na kila hamri likawa linagharimu 6, shilingi zinazobaki ni 4, na mahamri ya kurudisha ile 450 yanapanda kutoka 90 hadi 113. Mbona asiuze 12? Kwa sababu wateja wa asubuhi wanakuja na kumi au ishirini mkononi wakikimbilia matatu, na chenji ya shilingi nane hakuna wa kuihangaikia. Wengi hupunguza ukubwa wa hamri, au tui linakuwa jepesi. Mtoto akila hamri la wiki hii na la mwezi uliopita ataelewa vizuri kwamba bei na ubora ni uamuzi mmoja.

Na Mombasa ina neema moja ambayo kitabu cha Uingereza hakina: Ramadhani. Biashara ya mahamri ya alfajiri inakufa mwezi mzima, na mtu yuleyule unamkuta alasiri anauza kaimati, sambusa na viazi karai vya futari. Mahitaji yamehama saa, na yeye amehama nayo kwa vyombo vilevile. Mwanafunzi akiandika ukurasa mmoja juu ya hilo tu, amegusa soko, uzalishaji na mtiririko wa pesa kwa pamoja.

Biashara ya kuchunguza ichaguliwe kwa akili. Mwaka wa kwanza wa Cambridge una maeneo matano: biashara na mazingira yake, rasilimali watu, soko, uzalishaji, na fedha. Kibanda cha mtu mmoja hakina la kufundisha kuhusu rasilimali watu, kwa hiyo namshauri mtoto atafute penye watu wawili watatu, au angalau biashara yenye mwenye mali na mfanyakazi. Tuktuk ni mfano mzuri mno. Dereva humpelekea tajiri hesabu ya siku, kiasi kilichokubaliwa, na kinachobaki baada ya mafuta ni chake. Mwulize dereva kwa nini anakimbia asubuhi na jioni na kulala mchana chini ya mwarobaini. Kisha mwulize tajiri kwa nini hamlipi mshahara. Tajiri atasema akimlipa mshahara dereva atalala na tuktuk haitaleta kitu. Dereva akiachiwa hesabu atafanya kazi kama punda, ila chombo hakitahurumiwa, kwa kuwa si chake. Nadharia zote za kuwapa watu motisha zinazosomwa muhula wa kwanza zinaingia ndani ya mapatano hayo ya watu wawili.

Kuuza mwenyewe

Watu wazima wanaipenda hii kwa sababu inaonekana. Kuna picha, kuna meza yenye kitambaa, kuna pesa mezani. Na kuna kitu ambacho kweli kazi nyingine haziwezi kukitoa: mtoto anahisi. Anahisi kukataliwa na mteja, anahisi pesa yake ikikwama.

Deni ndilo linalofundisha kuliko yote. Tuseme msichana ametumia KSh 1,000 kutengeneza mabuyu, amefunga pakiti 100, anauza 20 kila moja. Wiki ikiisha hana hata pakiti moja. Kwenye daftari ana faida ya 1,000. Lakini pakiti 45 zimechukuliwa kwa "nitakupa kesho," na hao wa kesho wanamdai subira hadi leo. Mkononi ana 1,100, yaani mtaji wake na shilingi mia tu juu yake. Akitaka kutengeneza mzigo wa 1,500 hawezi, ingawa kwa hesabu amefanikiwa. Tofauti ya faida na pesa taslimu huwasumbua wanafunzi hadi mwaka wa pili. Huyu haitamsumbua.

Ila kazi hii ina kasoro kubwa, na kasoro yenyewe ni nyumbani. Gesi ni ya mama. Sukari imetoka kabatini. Jaba la kuchanganyia halijanunuliwa. Wateja wa kwanza ni mashangazi na majirani ambao wangenunua hata mawe ili kumtia moyo. Mtoto anakuja Septemba na faida ya asilimia mia mbili, na anaamini kweli kwamba biashara ni rahisi. Hapo nina kazi ya kumwondolea alichojifunza kabla sijamfundisha kipya.

Kasoro hiyo inatibika, kwa sharti mzazi asaidie kwa kutosaidia. Kila kilichotumika kiandikwe kwa bei ya dukani, hata kama hakikununuliwa. Gesi ikadiriwe. Wateja wa ukoo wawe na ukurasa wao, wasichanganywe na wageni. Mtaji uwe na kikomo, KSh 1,000 au 1,500 inatosha, na uwe mkopo wa kurudishwa, si zawadi. Pesa za biashara zikae peke yake: kopo la pekee linatosha, na mzazi mwenye laini anaweza kumwonyesha Pochi la Biashara la M-Pesa linavyotenga pesa za mauzo na za nyumbani. Mtoto akivunja sharti hili, akanywa soda kwa pesa ya mabuyu, aandike. Ni somo zuri kuliko faida.

Nikiziweka hizi mbili bega kwa bega, kuuza kunashinda kwa hisia na kuchunguza kunashinda kwa upana. Muuzaji wa wiki mbili hajawahi kuajiri, hajalipa ada ya kaunti, hajapitia msimu wa mvua wala Ramadhani. Mama wa mahamri amepitia yote, na kwa asubuhi chache anaweza kumkopesha mtoto miaka yake kumi. Kuna tofauti nyingine nisiyoweza kuipuuza, nayo ni ya haki. Kuuza kunampendelea mwenye nyumba kubwa, jiko la ziada na mashangazi wengi. Kuchunguza hakuhitaji mtaji zaidi ya nauli na bei ya mahamri mawili, na mtoto wa Bangladesh, mtaa wa mabanda hapa Mombasa, ana vibanda vingi vya kuchunguza kuliko mtoto wa Nyali, mtaa wa wenye nazo. Kwa darasa lenye watoto wa hali tofauti, sababu hiyo peke yake inanitosha.

Kwa Gredi ya 10 naulegeza msimamo kidogo. Mtaala wa Umilisi unadai mtoto atende na aonyeshe alichotenda, na mwenye uzoefu wa kuuza ataingia kwenye miradi ya darasani bila woga. Kama wiki zinatosha, afanye zote mbili, lakini aanze kwa kuchunguza. Atauza vizuri zaidi.

Kufuatilia kampuni kubwa

Kazi hii mara nyingi hutolewa vibaya: "soma habari tatu za biashara, andika muhtasari." Muhtasari haumfundishi mtu. Mpe jambo moja lenye mvutano ndani yake na umtake achukue upande.

Bamburi iko mlangoni petu, tuitumie. Mwaka 2024 Amsons Group ya Tanzania ilitaka kuinunua Bamburi Cement kwa KSh 65 kwa kila hisa. Savannah Clinker ikaja na 70, baadaye ikapandisha hadi 76.55, kisha ikajitoa. Desemba mwaka huohuo Amsons ikaichukua kampuni. Mwenye hisa mkubwa, Holcim ya Uswisi, alikuwa tayari amekubali kuuza kwa Amsons. Sasa uliza: kwa nini mtu akubali 65 huku kuna anayesema 70? Mtoto ataanza na "labda hawajui hesabu," halafu taratibu atafikia mambo ya uhakika wa malipo, ya muda, ya nani ana kura nyingi, ya ahadi iliyokwisha kutolewa. Kisha mwambie aandike aya moja kwa niaba ya mfanyakazi wa kiwandani, nyingine kwa niaba ya mwenye hisa mia mbili anayeishi Kisauni, nyingine kwa niaba ya mwenye lori anayebeba saruji. Ukitaka kumpeleka mbali zaidi, mpeleke Haller Park. Machimbo ya kiwanda hicho yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na leo ni bustani ambayo watu wanalipa kuingia. Hasara ya mazingira iligeuzwa kuwa kivutio. Ilifanywa kwa wema, kwa sheria, au kwa hesabu? Mtoto ajibu na atoe sababu.

Mfano wa pili ni mizigo ya bandari. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo inayotoka bandarini isafirishwe kwa reli ya SGR, na Mombasa iliandamana. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo hapa bandarini. Mwanafunzi asiishie kusema "sera za serikali huathiri biashara." Afuate shilingi. Lori likiacha kulala Mariakani, ni nani hakuuza chakula usiku huo? Fundi wa Changamwe alikosa nini? Vipuri je? Mahojiano na mtu mmoja aliyekuwa na duka la vipuri miaka hiyo yanaifanya habari ya gazeti kuwa hai, na hapo kazi ya tatu imeungana na ya kwanza.

Ubora wake ni kwamba inampa mtoto lugha ya kampuni kubwa: hisa, wanahisa, ripoti ya mwaka, mkopo wa muda mrefu. Kibandani hivyo havipo. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kunakili, na mtoto asiyejua kusoma kwa kina atarudi na maneno makubwa yasiyo na mzizi. Kwa anayekwenda kwenye IB, mtaala wa kimataifa, ni kazi muhimu kuliko nyingine zote. Aga Khan Academy Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2003, inafuata mtaala huo. Humo mwanafunzi wa Usimamizi wa Biashara huandika utafiti wa maneno yasiyozidi 1,800 juu ya shirika halisi, akitumia nyaraka tatu hadi tano, na kuutazama kupitia dhana moja kati ya nne: mabadiliko, ubunifu, maadili au uendelevu. Aliyekwisha kuzoea kubishana na nyaraka za Bamburi ameshaanza kazi hiyo kabla ya kuambiwa.

Mpango wa biashara

Sitakaa hapa. Mpango wa kurasa kumi na mbili, wenye dira, dhima, na jedwali la mapato ya miaka mitano ya biashara isiyokuwepo, ni kazi ninayowaomba walimu wenzangu waiache. Namba zake zimebuniwa zote. "Wateja 300 kwa siku" wanatoka wapi? Na siku hizi programu ya akili unde inauandika mzima kwa dakika moja, kwa Kiingereza safi kuliko cha mwalimu.

Kama shule imeng'ang'ania, mzazi anaweza kuiokoa. Mpango uwe ukurasa mmoja, na angalau namba mbili ndani yake ziwe zimethibitishwa nje ya nyumba. Anataka kufungua kibanda cha juisi kivukoni Likoni? Asimame pale saa moja asubuhi na saa kumi jioni, ahesabu wanaonunua kwa robo saa, siku ya kazi na Jumapili. Akirudi na tofauti ya namba hizo, mpango umeanza kuwa na maana. Lakini ona kilichotokea: tumerudi kwenye kuchunguza.

Nani apewe ipi

Mtoto mpole, anayeona haya kuongea na watu, wazazi wake hupendelea asome magazeti. Mimi ningempeleka kibandani, ila aanze kwa kutazama na kuhesabu bila kuuliza kitu, siku ya pili aulize swali moja. Anayeogopa hesabu naye aende kibandani. Hesabu za mahamri ni za kutoa na kugawanya, na anaona zinachohesabu.

Mtoto wa dukani ana hali yake. Aliyekulia nyuma ya kaunta ya baba yake Marikiti au Biashara Street anajua mengi kuliko kitabu: anajua mteja wa leso huchagua jina kabla ya rangi, anajua nani akopeshwe. Hatari yake ni kudhani kila biashara ni kama ya kwao. Sitaki achunguze duka la nyumbani. Achunguze kitu cha mbali nacho: hoteli ya Pwani Kaskazini inayopunguza wafanyakazi msimu wa mvua wa Aprili hadi Juni, au mwenye tuktuk tatu. Akirudi alinganishe na dukani kwao. Ulinganisho wake utakuwa wa hali ya juu, kwa sababu upande mmoja anaujua kwa damu.

Yule wa alama za juu kila somo, anayetaka kazi aimalize Jumatatu ya kwanza ya likizo, mpe Bamburi na umkataze kuandika muhtasari. Na yule aliyechagua biashara kwa sababu "ni rahisi kuliko fizikia," huyo auze. Wiki mbili za mabuyu zitamweleza vizuri kuliko hotuba yangu.

Kwa muda, kuchunguza kunahitaji asubuhi nne au tano zilizotawanyika, na moja iwe ya wikendi. Kuuza kunahitaji wiki mbili mfululizo, la sivyo deni halina nafasi ya kukomaa. Habari za kampuni zinahitaji jioni chache na mtu mzima wa kubishana naye. Usalama usisahaulike: miaka kumi na sita bado ni mtoto, alfajiri kibandani aende na mtu, na asipelekwe mahali ambapo mzazi mwenyewe asingenunua chakula.

Heshima kwa mwenye biashara nayo ni sehemu ya kazi. Mtoto aeleze mapema kwamba ni kazi ya shule. Jina lisiandikwe, wala mahali penyewe. Namba za mtu zisisomwe mbele ya watu wala kurushwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Asisimame mbele ya wateja wakati wa msongamano. Na akimaliza arudi na hesabu aliyoifanya amwonyeshe. Wapo wanaojua kila shilingi kichwani lakini hawajawahi kuiona imepangwa kwenye karatasi, na hapo ndipo wanapomrekebisha mtoto: "La, mwanangu, mafuta huwa hayaishi siku moja." Marekebisho hayo yaandikwe pia, kwa wino mwingine.

Kwa walimu, neno moja kuhusu wiki ya kwanza. Msizikusanye hizi kazi, mkazipa alama na kuzirudisha. Waketisheni wanafunzi wawili wawili, wabadilishane daftari, na kila mmoja apewe swali juu ya biashara ya mwenzake: kesho unga au mafuta yamepanda kwa theluthi, mwenye biashara afanye nini? Ajibu kwa namba zilizo kwenye daftari tu. Pale namba inapokosekana, aandike ni ipi na angeipata kwa nani, kisha mwenye daftari arudi kibandani wikendi hiyo akaiulize.